Kalamu, Kibodi na Sauti: Historia ya Njia za Kuingiza Kiswahili katika Mashine

Utangulizi

Historia ya maandishi ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kama historia ya hati mbili: ya Kiarabu iliyotangulia, na ya Kirumi iliyofuata. Husimuliwa pia kama historia ya watu na taasisi: washairi wa Pate na Mombasa, wamisionari, kamati za usanifishaji na mabaraza ya lugha. Jambo ambalo halijapewa uzito unaolistahili ni vyombo. Baina ya fikra ya mwandishi na neno lililoandikwa pamekuwapo daima na kitu cha kati: kalamu ya mwanzi, taipureta, kibodi ya kompyuta, vitufe vya simu, kioo kinachoguswa kwa kidole, na sasa maikrofoni. Kila kimojawapo huyapitisha baadhi ya mambo ya lugha kwa wepesi, na mengine huyazuia mlangoni.

Mhadhara huu unadai kwamba uchaguzi wa njia ya kuingiza maneno katika mashine haujawahi kuwa suala la ufundi peke yake. Kila chombo kilipobadilika, mtu au kitu fulani kiliamua ni Kiswahili kipi kiandikike. Aidha, uamuzi huo umekuwa ukisogea hatua kwa hatua kutoka kwa msomaji hadi karibu kabisa na mdomo wa msemaji. Wanafunzi na wataalamu wa lugha wana haki ya kuufahamu mwendo huo, kwa sababu hatua yake ya mwisho inapigwa sasa, na bado haijakamilika.

Uhuru wa kalamu

Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mnamo 1711 kwa hati ya Kiarabu na kuhifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Hati hiyo iliitumikia lugha kwa karne nyingi, lakini haikuitosha. Alama zake za irabu ni tatu, yaani fataha, kasira na dhumma, ilhali irabu za Kiswahili ni tano. Kwa hiyo /e/ na /i/ zilishiriki alama moja, kadhalika /o/ na /u/. Herufi ya be iliweza kubeba b, p, mb na hata mp. Msomaji alilazimika kuijua lugha kwanza ndipo aweze kuyasoma yaliyoandikwa.

Hata hivyo kalamu ilikuwa na fadhila moja ambayo vyombo vilivyofuata havikuwa nayo. Anayeandika kwa mkono anaweza kuongeza nukta popote apendapo. Herufi mpya haihitaji kiwanda. Inahitaji makubaliano baina ya mwandishi na msomaji tu. Hivyo ndivyo alivyofanya Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa katika miaka ya 1880, alipomsaidia mmisionari William Taylor kukusanya na kunakili tungo za Kimvita, zikiwamo za Muyaka bin Haji. Mwalimu Sikujua aliiongezea hati ya Kiarabu alama za kutofautisha sauti ambazo nakala za zamani zilizichanganya. Hakuna mashine iliyomzuia. Katika zama za kalamu, aliyesahihisha maandishi alikuwa msomaji, tena baada ya kazi kukamilika.

Taipureta na bahati ya Kiswahili

Mnamo 1868 Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, pamoja na wenzake wawili, walipata hataza ya mashine ya kuandikia. Kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa vitufe uliotokana na mashine hiyo, ambao safu yake ya juu huanza na herufi Q, W, E, R, T na Y, ndio uliomo hadi leo katika kompyuta za Dodoma, Nairobi na Bujumbura zinazotumia mpangilio wa Kiingereza. August Dvorak alipata hataza ya mpangilio mwingine mnamo 1936, akiamini kwamba ungewapunguzia wachapaji mwendo wa vidole. Haukushinda. Makarani walikwisha kujifunza ule wa kwanza, na ofisi zilikwisha kununua mashine zake. Katika historia ya vyombo vya kuandikia, mazoea yana nguvu kuliko ubora.

Miaka minne kabla ya Remington kuuza mashine yake ya kwanza, yaani 1870, Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja. Kanuni aliyoifuata katika tahajia ilikuwa nyepesi: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, na irabu kama za Kiitaliano. Steere hakuifikiria taipureta. Alifikiria wanafunzi wake, na herufi za risasi alizokuwa nazo katika matbaa ya misheni Unguja. Lakini tahajia isiyodai alama juu ya herufi wala chini yake ilikuwa tayari kuingia katika mashine ambayo ilikuwa bado haijafika pwani. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, tahajia ya aina hiyo ndiyo iliyothibitishwa. Herufi q na x hazina kazi. Herufi c haisimami bila h. Alama pekee ya nyongeza ni kile kibainishi cha ng'.

Ukubwa wa bahati hiyo huonekana Kiswahili kinapolinganishwa na jirani zake. Gĩkũyũ ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kuwekewa alama juu ya i na u. Alama hizo hazimo katika taipureta ya Kiingereza. Mwandishi wa Gĩkũyũ alikuwa na njia mbili: aziongeze kwa kalamu baada ya kupiga chapa, au aziache na kumwachia msomaji mzigo wa kukisia. Karani wa Kiswahili hakukabiliwa na uchaguzi huo.

Lakini bahati hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika Kimvita na lahaja nyingine za kaskazini, mpumuo hubadili maana. Paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali p'aa, yule mnyama, hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la moto si sawa na k'aa wa baharini. Padre Charles Sacleux aliionyesha tofauti hiyo katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939. Tahajia sanifu haikuichukua. Isidaiwe kwamba taipureta ndiyo iliyoufuta mpumuo. Uamuzi ulikuwa wa watu, na ulikuwa na sababu zake. Kilichofanywa na taipureta ni kuufanya uamuzi huo usimgharimu karani kitu, na kuufanya uwe mgumu kugeuzwa. Kilichoachwa nje ya tahajia kilikosa kitufe, na kisichokuwa na kitufe kilizidi kusahauliwa na wasiokisema nyumbani.

Kompyuta: kuamuru au kuonyesha

Kompyuta iliirithi kibodi ya taipureta pamoja na mipaka yake. Mfumo wa msimbo uitwao ASCII, uliokubaliwa Marekani mnamo 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, zikiwamo za tarakimu na alama za kuongozea mashine. Kiswahili kilienea ndani yake bila kubakiza herufi nje. Hati ya Kiarabu haikuwamo, wala irabu za Gĩkũyũ hazikuwamo. Hizo zilipata nafasi ya uhakika baada ya msimbo wa Unicode kuanza kutolewa mwaka 1991.

Hata hivyo wepesi wa kuandika Kiswahili haukuwa na maana ya wepesi wa kuzungumza na mashine kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mtumiaji aliiongoza kompyuta kwa kuandika amri, na amri hizo zilikuwa vifupisho vya Kiingereza. Mwalimu aliyetaka kuihifadhi hadithi yake ya Kiswahili alilazimika kuiamuru mashine kwa lugha nyingine. Mnamo Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani njia tofauti: kidude kidogo cha kusogezwa juu ya meza, ambacho humwezesha mtu kuonyesha akitakacho badala ya kukitaja. Kompyuta ya Macintosh ya 1984 ilikieneza kifaa hicho miongoni mwa watu wa kawaida.

Badiliko hili lilikuwa la kiisimu kuliko linavyoonekana. Anayeandika amri lazima alikumbuke neno na herufi zake, na mashine haikubali kosa. Anayeonyesha anahitaji kulitambua neno tu, na neno hilo likishatafsiriwa kwenye skrini, linaweza kuwa la lugha yoyote. Hapo ndipo kazi ya kuifanya kompyuta iseme Kiswahili ilipopata maana. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikatayarisha Kiswahili kwa programu zake katika muongo huohuo.

Kazi hiyo iliibua mjadala wa istilahi ambao haujaisha. Kifaa kile cha Engelbart kikaitwa kipanya, na nchini Kenya pia puku. Kibodi ikaitwa kibodi, baobonye au kicharazio. Kompyuta yenyewe iliwahi kuitwa ngamizi, na jina la tarakilishi lingali likishindana na kompyuta. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni mchezo wa wanaleksikografia. Lakini katika mfumo ambao mtu huchagua kwa kusoma, neno lililoandikwa kwenye skrini ndilo mlango. Asiyelitambua hukaa nje.

Ng'ombe alitoa somo lingine. Kibainishi cha ng' kilichukuliwa na programu nyingi kuwa alama ya kufunga nukuu, na neno moja likahesabiwa kuwa mawili. Vitenzi vilileta tabu zaidi. Neno kama hatukuwaandikia hubeba ukanushi, nafsi, njeo, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea kwa pamoja. Orodha ya maneno isiyojua mofolojia haiwezi kulipata. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kukichanganua Kiswahili kwa kompyuta katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba mashine inaweza kuvitambua vitenzi hivyo iwapo itafundishwa kanuni za uundaji wake. Bila sarufi hiyo, kisahihishi hupiga mstari mwekundu chini ya Kiswahili fasaha. Katika zama hizi usahihishaji ulihama: haukuwa tena wa msomaji, bali wa mashine, mwandishi akiwa angali mezani.

Vitufe kumi na viwili

Waafrika Mashariki wengi hawakukutana na kompyuta kwa njia ya kibodi. Walikutana nayo kwa njia ya simu ya mkononi, yenye vitufe kumi na viwili, ambapo kitufe kimoja hubeba herufi tatu au nne. Neno Kiswahili lina herufi tisa. Kwenye kibodi hubonyezwa mara tisa. Kwenye simu za namna hiyo lilihitaji mibonyezo ishirini na miwili. Herufi s, iliyo ya nne katika kitufe cha 7, ilihitaji mibonyezo minne. Herufi x, ya pili katika kitufe cha 9, ilihitaji miwili. Basi sasa ilikuwa mibonyezo kumi, na xaxa ilikuwa sita. Hesabu hii haitoshi peke yake kueleza kwa nini vijana waliandika x badala ya s, kwa maana mitindo ina sababu nyingi. Lakini yatosha kumwonya mwalimu aliyeona humo uvivu na ukosefu wa adabu tu. Herufi ambayo wasanifishaji waliiacha bila kazi ilipewa kazi na kidole gumba.

Urefu wa ujumbe nao uliamuliwa na msimbo. Ujumbe mfupi wa simu ulipewa nafasi ya herufi 160. Lakini ikiwa herufi moja tu ndani yake haimo katika jedwali la msingi, ujumbe mzima hubadilishwa msimbo na nafasi hupungua kuwa 70. Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipata 160. Aliyetaka kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, au Gĩkũyũ kwa alama zake, alipata 70. Tofauti hiyo ililipwa kwa fedha taslimu.

Katika miaka ya 1990 ilibuniwa njia ya kubashiri, ambayo maarufu zaidi ni T9. Mtu hubonyeza kila kitufe mara moja, na simu humkisia neno kutoka katika orodha yake. Kwa vitufe 5-2-5-2, Kiswahili kina kaka na pia lala. Kwa 6-2-6-2 kina mama na pia nana. Simu ndiyo huchagua lipi litangulie, na iwapo orodha yake ni ya Kiingereza, huenda isipendekeze hata moja. Hapo usahihishaji ulisogea hatua nyingine. Mashine haikungoja neno liandikwe ndipo ilitie ila. Ilipendekeza neno kabla halijakamilika.

Njia nyingine ya zama hizo haikuhitaji maneno kabisa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, mamilioni walijifunza kuongea na kompyuta kwa tarakimu. Mtanzania aliyepiga *150*00# alisoma orodha kwa Kiswahili, akajibu kwa namba, akamaliza kwa namba ya siri. Hapana shaka kwamba njia hii iliwafikia watu wengi ambao kibodi haikuwafikia. Lakini ikumbukwe kwamba humo mashine ndiyo inayosema, naye mtu huitikia kwa namba tu.

Kioo na sauti

Simu za kioo, zilizoenea baada ya iPhone ya 2007, zilirudisha jambo moja la zamani. Vitufe vyake si vya plastiki, ni picha. Picha huweza kuchorwa upya. Anayeandika Gĩkũyũ anaweza kuishikilia i kwa kidole na kuichagua ile yenye alama. Mapendekezo ya Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl ya mwaka 1997, kuhusu kuiboresha hati ya Kiarabu kwa ajili ya Kiswahili, sasa yanaweza kuwa kibodi ya simu bila kiwanda kuyeyusha chuma. Kwa maana hiyo kioo kimekaribia uhuru wa kalamu ya Mwalimu Sikujua. Kinachotakiwa ni mtu wa kuichora kibodi hiyo na watu wa kukubaliana juu yake. Wahenga walisema, mtumai cha nduguye hufa maskini.

Wakati huohuo imeingia njia ambayo haihitaji herufi kwa upande wa msemaji. Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya Google ilikiongeza Kiswahili, pamoja na Kiamhari, katika lugha zinazoweza kuandikwa kwa kutamka. Kuanzia 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata ufadhili wa kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wa kujitolea. Mfumo wa Whisper uliotolewa mwaka 2022 nao ulikijumuisha Kiswahili. Bibi asiyejua kusoma anaweza sasa kumtumia mjukuu wake ujumbe wa maandishi. Hiyo ni neema, na haifai kubezwa.

Lakini papo hapo swali la 1928 limerudi. Mkaazi wa Mombasa husema kitwa, na wa Lamu husema mato. Wanapoyatamka maneno hayo mbele ya simu, mashine iandike nini? Ikiandika kitwa na mato, imeishika lahaja. Ikiandika kichwa na macho, imesanifisha. Isipotambua lolote, itaandika neno jingine lisilohusika, na msemaji atajifunza kubadili matamshi yake ili aeleweke na kifaa chake mwenyewe. Huduma za Google hukigawa Kiswahili kwa bendera mbili, cha Kenya na cha Tanzania. Mgawanyo huo haulingani na ramani ya lahaja yoyote ijulikanayo. Kimvita na Kiamu hukusanywa pamoja na Kiswahili cha Nairobi. Kimakunduchi huwekwa pamoja na Kiswahili cha Mwanza. Na Kingwana cha Kongo hakina bendera yake.

Hapa ndipo mwendo ulioelezwa tangu mwanzo unapofikia ukingo wake. Kwa kalamu, msomaji alisahihisha baada ya kazi kukamilika. Kwa kibodi, mashine ilisahihisha mbele ya macho ya mwandishi. Kwa ubashiri, ilipendekeza kabla neno halijaisha. Kwa sauti, usahihishaji hutendeka kabla herufi ya kwanza haijaonekana, wala msemaji asiyejua kusoma hawezi kuutambua. Kamati ya 1930 ilikuwa na majina, anwani na kumbukumbu za vikao. Aliyepinga maamuzi yake alijua aandike barua kwa nani. Maamuzi ya mashine ya sauti hayana kikao. Hutokana na rekodi zilizokusanywa: aliyerekodiwa kwa wingi husikika, na asiyerekodiwa huhesabiwa kuwa amekosea.

Hitimisho

Haitarajiwi kwamba njia moja itazifuta nyingine. Namba ya siri haitamkwi ndani ya daladala, na tasnifu haitungwi kwa vitufe kumi na viwili. Kibodi itabaki kwa kazi za kimya na za uangalifu, kidole kwa kuchagua, sauti kwa mikono iliyoshughulika na kwa waliokosa shule. Busara ni kuijua kila njia inapitisha nini na inazuia nini.

Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili, kwa hiyo, ni wa namna tatu. Kwanza, vyuo na mabaraza ya lugha yashiriki katika kuchora kibodi za Kiswahili, ikiwamo ya hati ya Kiarabu, ili nakala za kale zisiwe mali ya wachache. Pili, sauti za lahaja zirekodiwe kwa utaratibu na kwa ridhaa ya wasemaji, Siyu na Vumba kama Kalemie na Bukavu, wakati wazee wangalipo. Tatu, idaiwe kwamba mashine ioneshe ilichosikia kabla ya kuonyesha ilichosahihisha, ili msemaji abaki na haki ya kuchagua. Usanifishaji wa karne iliyopita ulifanywa na watu waliojulikana, ukajadiliwa na kukosolewa, na lugha ikafaidika na mjadala huo. Usanifishaji wa karne hii nao unastahili kujadiliwa, na hauwezi kujadiliwa usipoonekana.